Swichi iliyoamini ni Machi 1993

Mama wa usafi alikuwa na ndoo mkono mmoja na fagio mkono wa pili pale bosi alipomwita mbele ya watu.

"Leo asubuhi umeingia chumba cha mitambo?"

Akasema hajaingia.

"Fundi anasema saa kumi na mbili na nusu kebo zilichomolewa. Saa hiyo nani mwingine anakuwa humu ndani?"

Mama hakumtazama bosi, alinitazama mimi. Nilikuwa nimekaa sakafuni, kompyuta mpakato magotini, kebo ya buluu ya konsoli, ile ya fundi kuingilia kwenye mipangilio, imechomekwa kwenye swichi, kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi, na kwenye skrini kulikuwa na ushahidi wangu: mistari arobaini na kitu. Nikainamisha kichwa, nikajifanya naandika.

Ofisi yenyewe ni ya wakala wa forodha kule Kurasini, Dar es Salaam, ghorofa ya pili, dirisha linatazama foleni ya malori ya kontena. Wale watu kazi yao yote siku hizi iko mtandaoni. Wakikosa mtandao asubuhi nzima, mzigo wa mteja unalala bandarini, na mzigo ukilala unalipiwa. Kwa hiyo nilipofika saa nne bosi hakuwa na subira na mtu yeyote. Meza ya watu wa nyaraka, kompyuta sita, haikuwa na mtandao tangu wafike kazini. Meza nyingine zote zilikuwa salama.

Nikafanya wanachofanya mafundi wengi. Niliingia kwenye swichi, Cisco ya zamani kidogo, Catalyst 2960 ya matundu ishirini na manne, nikaandika `show logging`, amri ya kuonyesha matukio ambayo swichi imeandika, nikabonyeza kitufe cha nafasi kuruka yale maelezo ya juu, nikashukia kwenye matukio. Mistari ya mwanzo kabisa iliyokuwepo ilisema hivi:

`*Mar 1 06:31:14.207: %LINK-3-UPDOWN: Interface FastEthernet0/17, changed state to down`

Tundu la 17 limekufa. Sekunde chache baadaye limefufuka. Likafa tena. Kisha la 18, kisha la 16, kisha 17 tena. Nilipoangalia mpangilio wa matundu hayo sita, yalikuwa kwenye VLAN ya zamani, siyo ile ya watu wa nyaraka. VLAN ni kama chumba cha mtandao ndani ya swichi; tundu likiwa chumba kisicho chake, halipati mtandao wake. Hadithi ikajipanga yenyewe kichwani: mtu kaingia alfajiri kufagia, kavuta kebo, kaogopa, kazirudisha kwa kubahatisha, akazichomeka kwenye matundu yasiyo yake. Lebo za kebo zilikwishafutika siku nyingi, kwa hiyo hapakuwa na cha kunipinga. Saa 06:31, saa kumi na mbili na nusu. Wakati huo aliye ndani ni mama wa usafi peke yake.

Ile "Mar 1" niliiona. Ilikuwa mwezi wa kumi. Nikajiambia tarehe ya swichi imeharibika lakini saa ni saa tu. Mpaka leo sentensi hiyo ikinijia nikiwa kwenye daladala hunitia aibu.

Nikarudisha matundu sita kwenye VLAN yake, watu wa nyaraka wakapata mtandao, bosi akanipa mkono, nikafungasha. Mama wa usafi alikuwa ameondolewa hapo, kaambiwa asubiri kwanza nje. Alipita karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, chumba hicho kilikuwa kimefungwa." Sikumjibu.

Getini kuna mzee mlinzi ambaye hamruhusu mtu kutoka bila kusaini. Ana daftari kubwa la jalada gumu, kalipiga mistari kwa rula, na kila kitu kimo: nani kaingia, gari namba gani, maji yalikatika lini, paka gani kazaa wapi. Wakati natafuta pa kuweka jina langu, jicho likatua juu kidogo ya ukurasa, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kalamu ya wino:

"9.07 usiku. Umeme umekatika. 9.10 jenereta nimewasha."

Nikamuuliza, "Babu, umeme ulikatika leo usiku?"

"Si nimeandika? Dakika tatu tu. Jenereta ya siku hizi siyo ya kuibembeleza."

Nilitoka mpaka barabarani. Nikasimama pale kwenye jua, malori yakinipulizia moshi, nikiwaza kitu kimoja: ile swichi inatakiwa iwe na UPS, betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Kama UPS ilishika, umeme kukatika si habari. Kama haikushika, swichi ilizima na kuwaka upya saa tisa usiku, na mimi kwenye ushahidi wangu sikuona mstari hata mmoja wa kuwaka upya. Nikarudi ndani.

Safari hii niliisoma `show logging` kuanzia juu, kama mtu anavyosoma barua. Haya ndiyo yaliyokuwepo na ambayo niliyaruka. Konsoli: imewashwa, ngazi ya debugging, yaani iandike kila kitu. Bafa, yaani nafasi ya kumbukumbu ndani ya swichi: imewashwa, ngazi ya debugging, ukubwa baiti 4096. Faili: imezimwa. Trap, yaani njia ya kupeleka matukio kwenye seva: ngazi ya informational, lakini chini yake hakuna anwani ya seva hata moja. Kwa maneno mengine, swichi ilikuwa inakumbuka kwa kichwa tu, na kichwa chenyewe ni kidogo kama kile ilichotoka nacho kiwandani.

Baiti 4096 ni ngapi? Mstari mmoja wa tukio la aina ile unakula herufi tisini mpaka mia na kitu. Mtu akichomoa kebo na kuirudisha, swichi inaandika mistari minne: itifaki imekufa, waya umekufa, waya umefufuka, itifaki imefufuka. Fanya hesabu. Chomoa-chomeka kumi tu, bafa imejaa, na kila mstari mpya unaofuata unasukuma nje ule wa zamani kuliko yote. Bafa hiyo inakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda tu, kwa hiyo umeme ukiondoka, yote yaliyokuwemo yanaondoka nao. Tukio nililokuwa nalitafuta ndilo lililofuta kumbukumbu za usiku, na machache yaliyoandikwa swichi ilipoamka yalikwishasukumwa nje na vurugu za asubuhi.

Nikaandika `show clock`. Jibu:

`*08:15:02.331 UTC Mon Mar 1 1993`

Ile nyota mbele siyo urembo. Ni swichi yenyewe inakiri kwamba saa hii haiamini. Swichi za aina hii hazina betri ya kutunza saa, kwa hiyo kila zikiwaka bila kuelekezwa huanza kuhesabu kutoka usiku wa manane wa tarehe 1 Machi 1993. Basi 08:15 haikuwa saa ya ukutani. Ilikuwa ni muda uliopita tangu iwake: masaa manane na dakika kumi na tano. Simu yangu ilikuwa inasema 11:25. Toa moja kwenye nyingine, unabaki na 03:10. Saa tisa na dakika kumi usiku, dakika ileile mzee alipowasha jenereta. `show version` nayo, kwenye mstari wa uptime, ikasema hivyohivyo.

Sasa chukua ile 06:31 yangu, ongeza 03:10. Inakuja 09:41. Saa tatu na dakika arobaini na moja asubuhi, watu wote wako kazini. Nikaenda kwenye meza ya nyaraka, nikauliza kwa upole kama kuna aliyegusa kebo kabla sijafika. Wakacheka. "Wote tuligusa, fundi! Tulichomoa na kuchomeka mpaka vidole vikauma, labda mtandao ungerudi." Hao ndio waliojaza bafa yangu. Ushahidi wa uhalifu wa alfajiri ulikuwa ni watu sita wanajaribu kujisaidia.

Ikabaki VLAN. Kama hakuna aliyehamisha kebo, kwa nini matundu sita yalirudi kwenye mpangilio wa zamani? Hapa nilianza kuhisi baridi tumboni, maana wiki mbili nyuma niliyeyahamisha matundu hayo kwenda VLAN mpya alikuwa mimi mwenyewe. Nikaandika `show startup-config`, mpangilio uliohifadhiwa ambao swichi huusoma ikiwaka, nikashuka mpaka tundu la 15. VLAN ya zamani. La 16, ya zamani. Yote sita. Siku ile nilibadilisha, nikajaribu, ikafanya kazi, nikanywa soda niliyopewa, nikaondoka bila kuandika `copy running-config startup-config`, amri ya kuuhifadhi. Wiki mbili mpangilio wangu uliishi kwenye RAM, ukingoja umeme ukatike mahali ambapo UPS imekufa. Na UPS ilikuwa imekufa: nilipoifungua, betri ya volti 12 ilikuwa imevimba kama andazi. Betri za risasi hupewa umri wa kwenye makaratasi kwa joto la nyuzi 25. Chumba kile kisicho na dirisha wala feni, mchana wa Dar, hakijawahi kuziona nyuzi 25.

Kabla ya kugusa kitu chochote kingine nikaenda kumtafuta yule mama. Alikuwa kakaa kwenye ngazi za nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nimekukosea. Kosa lilikuwa langu, na nimeshamwambia bosi." Sikuwa nimemwambia bado. Nilimwambia dakika kumi baadaye, na yalikuwa maneno magumu kuliko amri yoyote niliyowahi kuandika.

Mama akauliza, "Kwani hiyo mashine ndiyo iliyosema ni mimi?"

"Hapana, mama. Mashine haikusema. Mimi nilisoma vibaya."

"Haya," akasema. Akainuka, akachukua ndoo yake.

Nilirudi kesho yake kwa gharama zangu. Saa ndiyo niliyoanza nayo, kwa sababu matukio mazuri yenye saa mbovu ndiyo yaliyonifikisha pale. `clock timezone EAT 3`, yaani saa za Afrika Mashariki, kisha `ntp server` na anwani ya kompyuta ya ndani inayotunza majira, kisha `service timestamps log datetime msec localtime show-timezone`. Neno localtime watu wengi hulisahau: usipoliweka, hata kama zone umeiweka, matukio yataandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma yetu. Na mtu wa Dar tayari anaishi na saa mbili kichwani. Simu inasema 03:10, mdomo unasema saa tisa na dakika kumi usiku. Ukimwongezea na ya tatu inayosema 00:10, siku ya dharura mmoja atakosea, na kwa uzoefu wangu anayekosea ni yule mwenye uhakika zaidi. Swichi nyingine huzikuta zimewekwa kuandika uptime badala ya tarehe, unaona `1w2d` mwanzoni mwa mstari, wiki moja na siku mbili tangu iwake. Hiyo angalau haidanganyi, inakulazimisha upige hesabu.

Kisha bafa: `logging buffered 65536 informational`. Kwa swichi ile hiyo ilitosha kubeba siku kadhaa. Ukitaka kuipandisha zaidi, tazama kwanza RAM iliyobaki, maana unaikata kutoka kwenye mfuko uleule. Kwenye matundu ya wafanyakazi wa kawaida nikaweka `no logging event link-status`, kwa sababu kompyuta ya mhasibu kuwashwa na kuzimwa si tukio. Matundu ya kuunganisha swichi kwa swichi, ya seva na ya kamera nikayaacha yaseme. Hapa mafundi hubishana, na kuna wanaotaka kila kitu kiandikwe. Mimi nimeshaona kelele zinavyozika jambo.

Seva ya kumbukumbu nikaitengeneza kwa kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo ikikaliwa na mende: Linux, programu ya rsyslog ya kupokea matukio, mlango wa UDP 514. Utaratibu huu wa syslog ulianzishwa na Eric Allman miaka ya 1980 kwa ajili ya programu yake ya barua pepe, Sendmail, na mpaka leo vifaa vya kila aina vinazungumza lugha hiyo. Kuna la kujua: UDP haina risiti. Swichi inatupa ujumbe, haiulizi kama umefika. Ni kama kumpa kondakta bahasha Mbagala ampe mtu Kariakoo bila kumpigia yeyote simu. Ndiyo maana bafa ya ndani unaihitaji bado, hata ukiwa na seva.

Halafu kuna suala la ngazi, na hili nalitaja kwa sababu limewaangusha wengi ninaowajua. Namba iliyo katikati ya jina la tukio, ile 3 ya LINK-3 na 5 ya LINEPROTO-5, ndiyo uzito wake, na inahesabiwa kinyume: 0 ni moto unawaka, 7 ni porojo za uchunguzi. Ukiandika `logging trap warnings`, unapeleka 4 na zilizo nzito zaidi. Inasikika kama busara. Lakini tukio la swichi kuwaka upya, `%SYS-5-RESTART`, ni 5. Mtu kubadilisha mipangilio, `%SYS-5-CONFIG_I`, nalo ni 5. Ungeweka warnings, mambo mawili yaliyonitesa mimi Kurasini yasingefika kwenye seva kamwe. Nikaacha informational, ambayo ni 6. Nilipofungua pakiti za kwanza kwenye seva nikaona `<189>` mwanzoni mwa mistari, nikafurahi kama mtoto, maana hesabu ilikubali: Cisco hutumia kundi la ujumbe liitwalo local7, ambalo namba yake ni 23; zidisha mara 8, jumlisha uzito wa 5.

Kwenye konsoli nikapunguza. Kebo ya konsoli inakwenda kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, na ukiacha ngazi ya debugging pale, siku ya vurugu swichi inahangaika kuandika kwenye waya ambao hakuna hata mtu anayeusoma. Na kwa wanaoingia kwa mbali kupitia SSH, wakakaa dakika kumi wakisubiri matukio yatokee, kisha wakapiga simu kusema swichi haiandiki: andika `terminal monitor` kwanza.

Ofisi nyingine ninazohudumia hazina Cisco. Kwenye MikroTik, ambazo mjini hapa ziko nyingi, mipangilio inaonekana kwa `/system logging print` na matukio yenyewe kwa `/log print`, amri mbili tofauti, jambo ambalo napenda: huwezi kuziruka kwa kitufe cha nafasi. Huawei nako ni `display info-center` kwa mipangilio na `display logbuffer` kwa yaliyomo. Majina yanabadilika ila maswali ninayouliza nikifika ni yaleyale: unaandika wapi, kuanzia uzito gani, nafasi kiasi gani, na kwako sasa hivi ni saa ngapi.

Betri mpya ya UPS niliinunua mwenyewe Kariakoo, sikuiweka kwenye ankara. Na nilipomaliza yote hayo nikaandika `copy running-config startup-config`, nikasoma `[OK]`, kisha nikaifungua startup-config nikashuka mstari kwa mstari mpaka tundu la 20, kwa kidole kwenye skrini, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mwezi uliofuata umeme ulikatika tena usiku. UPS ilishika. Kwenye seva niliona tundu la kamera ya nje likifa 02:46:09 EAT na kufufuka 02:49, kwa sababu kamera ile ina adapta yake yenyewe na haiko kwenye UPS. Niliposhuka getini nikaomba kuona daftari. "8.46 usiku. Umeme umekatika. 8.49 jenereta." Nikamwambia mzee kwamba mashine yangu na daftari lake vimekubaliana.

"Na vingekosana," akauliza, "ungemwamini nani?"

Nilicheka tu, nikainama kusaini. Nikaandika jina, kampuni, na muda wa kutoka: 16:05. Mzee akageuza daftari upande wake, akavaa miwani, akakata 16:05 yangu kwa mstari mmoja wa rula, na pembeni yake akaandika 10.05 alasiri.